Kila Kitu kwa Kipimo Chake

Zamani, katika soko la Bagamoyo, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Hapana mtu aliyepima pembe kwa kibaba. Nami nasema kwamba wakati nao ni vivyo hivyo. Mtu asiyejua kugeuza sekunde kuwa siku na miaka ni kama mnunuzi asiyejua kwamba pishi moja ni vibaba vinne: atapunjwa mchana kweupe.

Haya, tufikiri. Saa moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Basi saa moja ni sekunde 3,600. Siku ya saa 24 ina sekunde 86,400. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760, yaani sekunde 31,536,000.

Sasa, mtu amkopesha jirani yake fedha. Mdeni asema, "Nitakulipa baada ya sekunde milioni moja." Je, akubali? Naam, maana ukigawanya 1,000,000 kwa 86,400 wapata siku kumi na moja na nusu, na kidogo zaidi. Lakini mdeni akisema, "Sekunde milioni elfu," naye akakubali vilevile kwa kuwa hesabu zote mbili ni kubwa masikioni, atangoja zaidi ya miaka 31. Mtoto aliyezaliwa siku ile atakuwa mtu mzima, na deni halijalipwa.

Wako wasemao kwamba hesabu hizi ni mchezo wa darasani tu. Mimi sikubaliani nao. Hata habari za kale hazieleweki vema bila hizo. David Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma na Susi na wenzao wakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tangu kufa kwake mpaka kufika kwao ilipita miezi tisa na zaidi. Tukihesabu miezi tisa tu, ya siku 30, twapata siku 270, au saa 6,480, au sekunde 23,328,000. Hesabu hiyo ya sekunde yashangaza, lakini haitufundishi neno. Siku 270 zatufundisha: ni kuamka mara 270 mbali na kwao, na kila siku kutafuta chakula cha watu wote. Hapo ndipo twaujua uvumilivu wao.

Sekunde ni kipimo cha mwenye kukimbia mbio. Mwaka ni kipimo cha mwenye kupanda mnazi. Basi, mwanafunzi, usikiapo hesabu kubwa ya wakati, usistaajabu upesi wala usikubali upesi. Shika kalamu, ugawanye kwanza. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye akili hujua pia vibaba vingapi vimekwisha kujaa.