MASTAA ACHENI KUTUUZIA 'UFUFUO' WA NYWELE, ZENU WENYEWE ZIPO CHINI YA WIGI!

Leo sina umbea wa nani kamuacha nani. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina namhifadhia, kila kukicha anatupia video anapaka mafuta yake ya chupa. Elfu 45 chupa moja! Eti yanafufua nywele zilizokufa, ndani ya siku 14 kipilipili kinageuka msitu. Sasa jamani, hizo nywele anazozitikisa kwenye video ni wigi, kila mwenye macho anaona. Na siyo yeye peke yake, wapo kibao.

Mimi mwenyewe nilipigwa. Nilikuwa nauza duka la nguo Kariakoo, nikajinyima, nikanunua chupa mbili. Elfu 90 hiyo, karibu nusu ya mshahara wangu. Nikawa napaka asubuhi na jioni juu ya nywele kavu, huku naendelea kusuka rasta za kubana mpaka usiku silali. Mafuta yakaisha, na nywele za mbele nazo zikaisha. Nilipomfuata inboksi kumuuliza, akaniambia niongeze chupa ya tatu. Nilipobisha akaniblock.

Sasa tuambizane ukweli. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai, kilicho hai ni mzizi. Ndiyo maana ukikatwa nywele husikii maumivu. Ncha ikishapasuka, hakuna mafuta, yai wala parachichi litakaloishona. Litalainisha tu, ukiosha ncha imepasuka vilevile. Halafu nywele zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi. Siku 14 ni nusu sentimita. Msitu gani huo?

Na nyie wa tiba za jikoni msicheke, nanyi mna yenu. Protini ya yai bichi ni kubwa mno, haipenyi ndani ya unywele, na ukisuuza kwa maji ya moto yai linaivia kichwani. Magadi ndiyo kabisa msiguse, yanakausha.

Ukitaka kuokoa nywele zako nyumbani, anza na mkasi. Kata ncha zilizopasuka, uchungu ni wa siku moja. Usiku kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi, hayo kweli yanapenya na kupunguza madhara ya kuosha. Osha mara moja kwa wiki au wiki mbili, halafu weka kondishena kila ukiosha. Chana zikiwa bado na kondishena, kwa chanuo la meno mapana, anzia kwenye ncha ukipanda juu. Nywele zikiwa na unyevu ndipo upake mafuta, kwa sababu kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Ukipaka juu ya ukavu, umefungia ukavu. Pasi ya nywele pumzisha. Kama unaweka dawa, paka kwenye zilizoota tu, usirudie kichwa kizima. Usiku lala na kilemba cha satini. Ukisukwa ukaumia au ukatoka vipele, fumua siku hiyohiyo, hata kama umelipa.

Hayo yote hayafiki bei ya chupa ya staa wetu.

Najua mtakuja na ile ya "muache mtoto wa kike atafute riziki". Sawa, atafute, hata mimi natafuta. Ila nywele zinazong'oka kwa kubanwa zina muda wake. Ukiwahi kuacha kubana, zinarudi. Ukichelewa, mizizi inakufa na hapo haziroti tena, hata upake dhahabu. Kwa hiyo unapomwambia dada wa watu "endelea kupaka, ongeza chupa", hujamlia hela tu. Umemlia na ule muda aliokuwa nao wa kuziokoa. Hela nilishazisahau mimi. Kipara cha mbele nakiona kila asubuhi kwenye kioo.

Dada, kama mbele pamekuwa peupe na ngozi inateleza, usinunue kitu kwa mtu yeyote. Nenda hospitali umuone daktari wa ngozi. Na chupa yoyote ya mtandaoni, angalia kwanza kama ina orodha ya vilivyomo na alama ya TBS. Isiyo nayo, muachie mwenyewe.

Na wewe staa, najua unapita hapa kimyakimya. Ingia laivu, vua wigi, osha nywele zako tuone, halafu rudi baada ya siku 14. Zikiwa msitu, nakuomba radhi hapahapa na chupa nanunua.

Haya, povu ruksa. Nani mwingine alipigwa?