Maneno ya Shamba na Nyumba: Nusu ya Pili

Mwalimu mmoja ameniuliza hivi: "Ikiwa serikali humsaidia mkulima kununua mbolea, mbona wako wakulima wanaobaki maskini vile vile?" Swali hili si dogo, nami nitalijibu kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Mwaka 2008 bei ya mbolea ilipanda sana duniani, na mwaka huo Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa vocha za pembejeo. Mwaka 2009 ukaenea mikoa mingi. Nyumba iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu kwa ekari moja ya mahindi au mpunga: ya kwanza kwa mbolea ya kupandia, ya pili kwa mbolea ya kukuzia, ya tatu kwa mbegu bora. Vocha ililipa kama nusu ya bei, na nusu ya pili mkulima aliitoa mwenyewe kwa wakala. Waliopendekeza majina ni kamati ya kijiji, wanaume watatu na wanawake watatu, nao waliagizwa wazitangulize nyumba zinazoongozwa na wanawake. Msaada ulikuwa wa miaka mitatu, kisha mtu asimame mwenyewe. Maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mimi nalikuwa mmoja wa wale sita. Tuliandika jina la mama mmoja mjane mwenye watoto wanne, nasi tukafurahi kwamba tumetenda haki. Lakini vocha zilipofika, mama yule hakuwa na nusu ya pili. Jirani yake mwenye mali akazinunua zote tatu kwa fedha kidogo, zilizotosha chumvi na sare ya mtoto mmoja. Jambo hilo lilikatazwa, nami nalijua; walakini jirani yule alikuwa rafiki yangu, nikanyamaza.

Wakati wa mavuno nilimwona mama yule akivuna kibarua katika shamba la jirani. Jioni akalipwa debe moja la mahindi, akajitwika kwenda nyumbani. Mahindi yale yalikuwa yamekuzwa kwa mbolea iliyoandikwa jina lake. Tangu siku ile sijaweza kusema kwamba kosa lilikuwa la serikali peke yake.

Basi, mwalimu, jibu langu ni hili: nusu ya bei humfaa mwenye nusu ya pili. Asiye nayo, msaada hupita mlangoni pake ukaingia kwa mwingine.

Sasa vocha zile zimekwisha. Lakini mwaka 2022, bei ilipopanda tena, serikali ilianza ruzuku ya mbolea kwa njia nyingine: mkulima huandikishwa kijijini, hupewa namba yake, naye hununua mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Karatasi imegeuka namba, lakini nusu ya pili yatakiwa vile vile, na namba nayo yaweza kuazimwa kama karatasi ilivyouzwa.

Kwa hiyo, enyi baba na mama, fedha ya mbolea itengwe siku za mavuno, gunia lingali ghalani. Msingoje mvua, maana wakati huo ghala ni tupu. Majirani kumi wakiweka akiba pamoja, wataweza kumkopesha mjane ile nusu yake, naye atalipa kwa mahindi. Mtu asitie saini wala dole gumba kwa mfuko asioupokea. Na wewe uliyechaguliwa katika kamati, kazi yako haikomi jina linapoandikwa. Fuata mpaka uone mbolea imeingia katika shamba la mwenye jina.

Mama yule angali hai, nami nimemwomba radhi. Alinijibu, "Mwalimu, ungalisema siku ile." Neno hilo nawaachieni mwezi huu. Kwaherini.