Wafaransa na Sisi



Wafaransa wakitajwa, watu hukumbuka mwaka 1789, raia wa Paris walipoivamia ngome ya Bastille. Sisi twataka mkumbuke na mwaka 1791. Mwaka ule Bunge la Mapinduzi lenyewe lilipitisha sheria ya Le Chapelier, likawakataza wafanyakazi kuungana na kugoma. Ati kila raia sasa ni huru, basi na apatane na tajiri wake peke yake! Seremala wa Paris alipata uhuru, lakini alisimama mbele ya tajiri bila mwenzake.

Adhabu ya kugoma iliondolewa mwaka 1864, na vyama vya wafanyakazi vikaruhusiwa mwaka 1884. Hiyo ni miaka 93 baada ya sheria ile. Mwaka 1936 wafanyakazi walikaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka, ndipo wakapata likizo ya majuma mawili yenye mshahara na juma la kazi la saa 40.

Mambo haya si mageni kwetu Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waligoma, wa bandari, wa reli na wa majumbani. Agosti ile kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akatiwa kizuizini. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini haki ya kugoma haikuandikwa katika Katiba mpaka mwaka 2010, kifungu cha 41.

Kifungu hicho chasema kila mfanyakazi. Hakikumtenga kibarua. Lakini wapo wanachama wasemao kibarua si mwenzetu. Twawajibu hivi: mwaka 1947 kibarua na mtu wa mshahara wa mwezi waligoma pamoja, ndiyo sababu mji ulisimama. Na tajiri akitaka kuuvunja mgomo leo, humwita nani? Humwita yule aliyeachwa nje ya chama, mwenye watoto na asiye na akiba.

Basi, ndugu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kibarua mnayevuka naye kwenye feri asubuhi, mnayepanda naye matatu moja, mleteni mkutanoni. Msimwache asimame peke yake kama seremala wa Paris. Kidole kimoja hakivunji chawa.