Nani Atasema Tusimame?

Barabara ya lami kutoka Nzega kwenda Tabora inapita Puge, katika nchi ya majaruba, pamba na ng'ombe. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, inawataka watu wa hapa wafikirie miaka 25 ijayo. Ni jambo jema. Lakini hakuna aijuaye mvua ya mwaka 2040 wala bei ya pamba ya mwaka huo. Kwa hiyo mimi naupima mpango wowote kwa jambo moja: makadirio yakikosea, nani ana mamlaka ya kusema tusimame, na atasoma dalili gani?

Mkoa huuhuu wa Tabora una ushahidi mchungu. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza, wakiongozwa na John Wakefield, walizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki chache tu, kisha wakapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Urambo, magharibi mwa Tabora, ilichaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, hivyo shamba la majaribio lilionekana kupoteza muda. Matrekta yalishindwa na visiki, udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua haikufuata ratiba. Hata hivyo fedha ziliendelea kumwagwa hadi Januari 1951, takribani pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Aliyeona shambani kwamba mambo hayaendi hakuwa na uwezo wa kuusimamisha mpango uliokwisha kutangazwa London.

Wasukuma na Wanyamwezi wa eneo hili wamejipanga vingine kwa vizazi. Hutenga ngitili, malisho yasiyoguswa masika ili yafae kiangazi. Hukausha viazi vitamu kuwa michembe. Huchanganya ng'ombe, mpunga na mtama, kwa kuwa kwa kawaida haviharibiki vyote kwa mara moja.

Yapo yasiyoweza kujaribiwa kidogokidogo, nakubali. Bomba lililoleta maji ya Ziwa Victoria hadi Nzega na Tabora lisingekuwa na maana kama lingeishia njiani. Zao jipya, skimu ya umwagiliaji au ghala ni mambo mengine: yanaweza kuanza kijiji kimoja na kupimwa. Halmashauri ya Nzega iandike mapema, na isome kwenye mkutano mkuu wa kijiji: mvua ikikatika misimu mingapi, au bei ikishuka hadi wapi, ndipo mradi utabadilishwa.