Bafle ya mbao si aibu, mzee wangu

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Mulongwe, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinishika mkono akaniambia: “Mwandishi, watu wanalala chini ya maturubai, na vijana hawa wanapoteza mbao kuunda bafle ya gita. Utaandika lini juu ya upumbavu huu?” Mzee, naandika leo. Lakini sitaandika ulivyotaka.

Vijana wenyewe tunawajua. Walishuka kutoka upande wa Luvungi mwaka 2025, wakati familia nyingi za bonde la Ruzizi zilikuwa zinakimbia, wengine wakivuka mto hadi Burundi, wengine wakija kujibana kwa jamaa hapa Uvira. Gita moja lilifika mgongoni. Ampli ndogo ilifika ndani ya gunia la nguo. Bafle haikufika, kwani nani anakimbia risasi na sanduku la mbao kichwani? Basi wakaunda nyingine. Mbao walizitoa kwenye kabati la familia iliyowapokea, kabati lililoharibika ziwa lilipopanda na kuingia Kavimvira mwaka 2024. Spika ya inchi 12 waliinunua sokoni, imetumika tayari. Hawakugusa turubai la mtu wala unga wa mtu.

Na mzee anajua bafle hiyo ilifanya kazi gani kwanza. Mama mmoja kati ya wakimbizi alipata habari kwamba kaka yake amefariki kule walikotoka. Mwili haupo, kaburi haliwezi kufikiwa. Kilio kilifanyika uani mwa watu, na vijana wale walipiga gita mpaka asubuhi. Nilikuwepo. Watu waliosimama barabarani waliingia kwa sababu walisikia. Bila bafle wangepita tu, wakidhani ni watu wanaozungumza.

Sasa nije kwa wale wengine, kamati zetu za makanisa. Nawajua, maana nimekaa ndani ya moja. Tulichangisha miezi saba, tukatuma mtu Bujumbura, akarudi na mabafle mawili ya plastiki yenye taa za rangi. Taa zilimeta sana. Harusi ya tatu, mpiga besi alipofungua sauti, moja ikanyamaza, na hakuna fundi hapa aliyejua kuifungua, maana ampli na spika vimefungwa pamoja ndani. Mpaka leo imekaa stoo, juu yake wameweka viti. Kwa pesa zile seremala wetu angekula miezi mingi, na bafle ingekuwa ya kufunguliwa kwa bisibisi.

Wanasema: “Ya mbao inalia vibaya.” Nakubali, nyingine zinalia vibaya kweli. Ya kwanza niliyounda mimi mwenyewe ilikuwa ya mkaratusi mbichi. Baada ya wiki chache pembe zilifunguka, ikawa inanguruma kama mtungi wenye mchanga. Lakini kosa lilikuwa langu, si la mbao. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikizunguka kukutana na ile ya mbele, sauti nzito zinauana. Sanduku lipo kwa kuzuia mkutano huo. Likiwa na mwanya, au ubao mwembamba unaotetemeka, limeshindwa kazi. Kwa hiyo: mbao kavu, au tripleksi ya milimita 18 ukiipata, gundi kwenye kila kiungo kabla ya skrubu, kipande cha mti cha kutegemeza ukuta wa nyuma usipige ngoma. Kwa besi funga nyuma yote, weka ndani vipande vya godoro kuukuu. Kwa gita la solo unaweza kuacha nyuma wazi nusu, sauti inatoka nyepesi na inasambaa uani, na wengi wanaipenda hivyo.

Tena waya. Hapa ndipo ampli zinapokufa, halafu lawama inaangukia mbao. Spika mbili za ohm 8 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ampli inaona ohm 4. Ukizipanga kwa mfuatano inaona 16. Kama nyuma ya ampli wameandika mwisho ni ohm 8, ukampa 4, inapata moto na siku moja utasikia harufu. Spika nyingi za magari ni ohm 4, na vijana wanazichomeka bila kusoma. Someni, jamani. Imeandikwa kwenye sumaku.

Na huyu anayesema kitu cha nyumbani ni cha watu wasio na maendeleo, nimuulize: anawajua Konono N°1? Ni Wakongo wenzetu, wa Kinshasa. Mzee Mingiedi alichukua likembe, akaitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, kwa sababu kelele za jiji zilikuwa zinaifunika. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitoka Ulaya, na watu wakalipa kusikiliza mkwaruzo uleule ambao hapa tungeuita ubovu. Staff Benda Bilili, mwaka 2009, walikuwa na kijana anayepiga waya mmoja uliofungwa kwenye kopo. Hata hizo Marshall ambazo wapiga gita wetu wanaziangalia kwenye simu kama malaika, zilianzia kwenye duka la ngoma huko London mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ampli ya kwanza waliiga saketi ya Fender ya Marekani. Ukiondoa kitambaa cha mbele, bafle yao ni mbao, gundi na spika.

Jambo moja nampa mzee haki yake. Usiku wa manane, palipo na watoto wachanga na watu ambao bado wanashtuka wakisikia kishindo, bafle izimwe. Nimewaambia vijana, na wamekubali kumaliza mapema isipokuwa siku ya kilio. Hilo ni la kuzungumza kati ya majirani. Halihusu mbao zilitoka wapi.

Kwa kamati ambayo najua inaanza mchango mwingine mwezi huu: kabla ya kutuma mtu ng'ambo ya mpaka, muiteni seremala na hao vijana, muwape bafle moja waunde, mlipe mbao na mikono. Mkutano wenu uisikilize ikiwa na besi, si na maneno ya mdomo. Na familia yoyote iliyokimbia ikiwa na gita au ampli bila bafle, ije, vijana wako tayari kuonyesha. Mje na spika mkononi kwanza. Ya inchi 12 kwa kawaida inataka tundu la sentimita 28 hivi, lakini zinatofautiana, na tundu likishakatwa kubwa, ubao huo umekwisha.