Tusipigane na Adui Asiyekuwapo

Askari hafundishwi kufyatua risasi kabla ya kufundishwa kumtambua adui. Hilo ni somo la siku za mwanzo katika kila chuo cha kijeshi, wala halina ubishi. Hata hivyo, askari huyo huyo avuapo sare na kuingia nyumbani kwake, mara nyingi hulisahau. Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu wanajeshi na askari polisi, juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini lenye uwezo wa kumwachia mtoto kovu la maisha. Jambo hilo ni mvuke wa maji ya moto chumbani.

Desturi hii imeingia kambini kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule wa vyombo vya umeme vinavyochemsha maji na kutoa mvuke ili kuongeza unyevu hewani. Baadhi ya ndugu zetu waliokwenda masomoni ng'ambo wamerudi navyo, wengine wamevinunua mjini. Mlango wa pili ni ule wa sufuria juu ya sigiri, au beseni la maji yanayotokota chini ya blanketi, pamoja na majani ya mkaratusi au mwarobaini. Kujifukiza ni jambo la kale kwetu, lakini janga la Korona la mwaka 2020 lililipa nguvu mpya katika Afrika Mashariki yote.

Yafaa kwanza tujue chombo hicho cha umeme kilitengenezwa kwa ajili gani. Hewa ya baridi haiwezi kubeba maji mengi. Katika nyuzi 0 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 5 hivi za mvuke wa maji na si zaidi. Katika nyuzi 20 yaweza kubeba gramu 17. Basi wakazi wa nchi za theluji, wakiichukua hewa ya nje na kuipasha moto ndani ya nyumba, hewa hiyo huwa kavu kupita kiasi. Unyevu wake huwa chini ya theluthi moja ya ule inaoweza kubeba. Midomo hupasuka, koo huwasha, pua hutoka damu. Ndiyo sababu wao hutafuta njia ya kurudisha unyevu, na wataalamu wao husema kiasi kinachofaa nyumbani ni baina ya asilimia 30 na 50.

Sasa na tuutazame uwanja wetu wenyewe. Katika miji ya kandokando ya Ziwa Viktoria, kama vile Entebbe, Kampala na Jinja, unyevu wa hewa kwa kawaida hupita asilimia 60. Ingia alfajiri katika kibanda cha mabati cha duara, walimolala baba, mama na watoto wanne huku dirisha limefungwa, utaona matone yakichuruzika ukutani. Hayo ni maji ya pumzi zao. Kuongeza mvuke humo ni kupigana na adui asiyekuwapo, na kumwalika yule aliyekuwa nje. Unyevu mwingi huotesha ukungu ukutani na kustawisha vijidudu vya vumbi katika magodoro, na vyote viwili humchochea mwenye pumu. Chumba cha namna hiyo kinahitaji dirisha lifunguliwe.

Tunakiri kwamba ndugu zetu walioko Karamoja wana haki ya kulalamika. Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa Moroto na Kotido ni mkavu na umejaa vumbi, na koo la mlinzi wa usiku hulijua hilo. Lakini dawa ya ukavu si lazima iwe maji ya moto. Kunywa maji ya kutosha, kunyunyizia sakafu ili vumbi litulie, na kutundika kitambaa kilicholowa karibu na dirisha: hayo yatosha, wala hayamuunguzi mtu.

Hatari ya maji ya moto si ya kubahatisha. Maji ya nyuzi 60 tu humuunguza mtu mzima vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto, kwa kuwa ni nyembamba, huungua upesi zaidi. Maji yanayochemka yana nyuzi 100, au pungufu kidogo katika nchi yetu ya miinuko. Katika chumba kimoja chenye kitanda, sigiri na mtoto atambaaye, waya wa umeme unaoning'inia au pindo la blanketi ni mtego uliokwisha kutegwa.

Sigiri nayo ina hatari ya pili. Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu husinzia tu, na huenda asiamke.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walijifukiza na wakapona. Hatuwadharau wazee. Mvuke waweza kumlegezea mtu pua iliyoziba akapata nafuu ya kitambo. Lakini mafua hupona yenyewe, na Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba kujifukiza hakuponyi Korona. Hata kwa watoto wenye kikohozi kinachosikika kama mbweko wa mbwa, ambao kwa miaka mingi waliwekwa penye mvuke hospitalini, uchunguzi wa madaktari haukuthibitisha faida yake. Mtoto anayevuta pumzi kwa shida apelekwe zahanati usiku ule ule.

Wanaoamua kutumia chombo cha umeme wafuate kanuni zake. Kiwekwe mbali na mikono ya watoto, kimwagwe maji na kusafishwa kila siku, wala kisitiwe dawa ya namna yoyote isiyoagizwa na watengenezaji. Katika Korea Kusini watu walikuwa wakitia dawa ya kuua vijidudu katika vyombo vya kutoa ukungu wa maji. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba dawa hiyo ilikuwa ikiharibu mapafu, na watu wengi, wakiwamo watoto na akina mama wajawazito, walikwisha kufa. Walidhani wanajikinga.

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mtoto aliyemwagikiwa na beseni hakujichoma. Sisi watu wazima ndio tuliouweka mwiba njiani pake. Kwa hiyo twawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi walitie jambo hili katika mazungumzo yao na askari pamoja na familia zao. Waganga wa vikosi nao wamfundishe kila mzazi huduma ya kwanza ya jeraha la moto: kumwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, kuvua nguo zisizoganda, kufunika kwa kitambaa safi, kisha kwenda zahanati. Dawa ya meno, mafuta wala yai visipakwe kamwe.

Taifa humkabidhi askari usalama wa raia wote. Usalama huo uanzie chumbani mwake, kwa dirisha lililo wazi na sigiri iliyotolewa nje kabla ya watoto kulala.