UFUNGUO MMOJA, DAFTARI MOJA



Wengi wanasema chumba chetu cha ordinateri kiko na fujo juu mashine ni kidogo. Mimi nakataa. Ndani ya mashine moja tu kuna kazi makumi na makumi, zinagawana vitu vichache, na hazigombani. Ni vizuri tujue zinafanya namna gani.

Programu ikiwa inaendeshwa inaitwa prosesi. Kila prosesi iko na nyumba yake katika memori, na haina ruhusa ya kuchungulia nyumba ya jirani. Mlinzi wa mipaka hiyo ni sistemi, programu kubwa inayotawala zingine. Sasa prosesi mbili zikitaka kusemezana, njia ni mbili. Ama sistemi inazipa chumba kimoja cha memori ambamo zote zinasoma na kuandika, ama inapeleka habari ya moja kwa ingine. Katika sistemi ya Unix, tangu 1973, iko njia inayoitwa bomba: prosesi moja inamwaga habari huku, ingine inakinga kule.

Mtu wa Kalemie anaelewa hii bila shida. Mabehewa yanaleta mizigo bandarini kutoka Kabalo, meli zinaivusha ziwa. Katikati iko depo. Depo ikijaa, behewa linangoja. Depo ikiwa tupu, meli inangoja. Bomba njo vile vile: likijaa, mwenye kumwaga anasimamishwa; likiwa tupu, mwenye kukinga analala, na sistemi inamwamsha habari ikifika. Hakuna mtu wa kugonga mlango kila dakika akiuliza: "Bado?"

Lakini chumba cha kushiriki kiko na hatari. Tuseme karatasi ya depo inaonyesha madaftari 40. Watu wawili wanaisoma pamoja, kila mmoja anachukua daftari 1, na kila mmoja anaandika: 39. Madaftari 2 yametoka, hesabu inasema 1. Mwizi hakuna. Ni kwamba wote wawili waliingia saa moja.

Dawa yake ilichukua jina katika reli, na reli tunaijua. Ile ya kutoka Kabalo, iliyofika hapa ziwani mwaka 1915, ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana kati ya stesheni, hakuna ya kupisha ingine. Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi, dereva alikuwa haingii njia ya namna hii bila kupewa mkononi kijiti maalum. Kijiti ni kimoja, basi treni ni moja. Miaka ya 1960 Mholandi Edsger Dijkstra alichukua jina la alama za reli, semafori, akaliweka kwa hesabu ndogo inayochungwa na sistemi. Prosesi ikikuta 1, inaishusha kuwa 0 na kuingia. Ingine ikikuta 0, inalala foleni. Ile ya kwanza ikitoka, inayongoja inaamshwa. Na kule kushusha hakukatwi katikati na mtu yeyote. Hapo njo siri yote.

Sisi kijiti tuko nacho: ufunguo wa chumba. Lakini unatembea mifukoni. Mara nyingi naona mmoja ameshika ufunguo anangoja karatasi, mwingine ameshika karatasi zote anangoja ufunguo, na hakuna anayeachilia. Wanakaa kwenye baraza paka kengele inalia. Mwaka 1971 Coffman na wenzake wawili walieleza masharti 4 ambayo lazima yawepo pamoja ili prosesi zifungane hivi. Ukivunja 1 tu, imekwisha. Sisi tuvunje kwa kufuata mpango: ufunguo kwanza, karatasi baadaye. Asiye na ufunguo asiguse karatasi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni ukubwa. Mwaka 1997 Wamarekani walishusha chombo Pathfinder kwenye sayari ya Mars, kikaanza kujizima na kujiwasha chenyewe. Juu ya nini? Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika kufuli ambayo kazi kubwa ilikuwa inaingoja. Kazi za katikati zikaingilia, ile ndogo ikakosa nafasi ya kumaliza na kuachilia. Mkubwa akafungwa na wa katikati! Wataalamu walituma sahihisho kutoka duniani: mdogo akishika kufuli inayongojewa na mkubwa, apewe ukubwa ule ule mpaka amalize.

Sasa angalieni hapa kwetu. Mtoto wa darasa la 7 ameshika ufunguo, mfinalisti anangoja. Mara mkubwa wa katikati anamwambia mtoto: "Kamata bido, enda uchote maji." Mtoto anaenda, ufunguo mfukoni. Nani amemchelewesha mfinalisti? Mimi naomba sheria hii: mwenye ufunguo hatumwi na mtu.

Wenzangu wafinalisti hawatapenda ninayosema sasa. Tunasema mtihani wa serikali unakuja, basi sisi kwanza. Sawa. Lakini sisi kwanza kila siku maana yake wadogo hawaingii hata siku moja. Prosesi ya namna hiyo inasemwa inakufa njaa, na dawa iko: kadiri inavyongoja, sistemi inaipandisha daraja. Jina likilala katika daftari siku 3 bila zamu, lipite mbele ya majina yote, na langu pia. Nusu saa ya mtoto wa darasa la 7 haitatuangusha mtihani. Wako wengine hawajagusa mashine tangu mwezi wa tisa, na wazazi wao wanalipa kama wetu.

Wengine watapenda tuweke mwangalizi mwenye fimbo. Kapita wa shule ni mimi, fimbo hiyo ingekuwa yangu, na siitaki. Nikienda kula, nani ataishika?

Bwana Prefe, naomba ruhusa ya vitu viwili: daftari la zamu, na msumari mlangoni wa kutundika ufunguo. Daftari nimeshalipiga mistari. Msumari ndio hatuna.